Usianze na Ile PDF: Wasomaji Wauliza Kuhusu Kitabu cha Kwanza

Barua za safari hii zimetoka Busia hadi Arua, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu amepata Kindle au Kobo, vile visomaji vya vitabu vya kielektroniki, ameiwasha, kisha hajui aanze na kitabu gani. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, miji tumeibakiza.

Habari za kazi. Kaka yangu ameniletea Kindle ya inchi 6 kutoka Uingereza. Siku hiyohiyo jirani akanijazia vitabu zaidi ya 300. Hii ni wiki ya tatu: nafungua hiki kurasa tano, naacha, nafungua kile. Tena betri inaisha upesi kuliko nilivyoambiwa. Nianze na kipi? – Mwalimu wa sekondari, Jinja

Mwalimu, kabla ya kuchagua, punguza. Vitabu 300 vikiingia kwa mkupuo, Kindle huanza kuvipitia kimoja kimoja na kuorodhesha maneno yaliyomo ili uweze kuyatafuta baadaye. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, hata kioo kikiwa kimelala, na ndiyo inayokula betri yako. Faili moja iliyoharibika inaweza kukwamisha shughuli nzima, kifaa kikabaki kinahangaika nayo usiku kucha. Hamishia vitabu vyote kwenye kompyuta au flashi, ubakize vitatu. Chaji ijae, mpe Kindle usiku mmoja atulie, halafu ndipo uhukumu betri.

Sasa kitabu. Kitabu cha kwanza kina kazi mbili: kukuzoesha kifaa, na kukufanya ukirudie kesho yake. Kwa hiyo tafuta kitabu cha maneno matupu, kisicho na majedwali, ramani wala picha, chenye sura fupi, na ambacho ungekisoma hata kama ungekipata kimechanika jalada. Riwaya ya upelelezi inafaa kuliko kile kitabu kinene ambacho miaka yote unaona aibu kwamba hujakisoma. Hicho kinene kitakuja baadaye. Kwenye karatasi, unene wa kurasa chini ya kidole gumba hukuambia umefika wapi. Kwenye Kindle mara nyingi unaona asilimia tu. Kitabu cha kurasa 800 kinahitaji kurasa 8 za karatasi ili namba ipande kwa asilimia 1, na kila ukurasa wa karatasi kwenye kioo cha inchi 6 huweza kuwa kurasa mbili. Unasoma jioni nzima, namba imetoka 3 kwenda 5. Wengi huachia hapo na kusema kifaa hakifai.

Urefu mzuri ni maneno 40,000 hadi 60,000. Piga hesabu: ukisoma maneno 150 kwa dakika, kitabu cha maneno 45,000 ni dakika 300, yaani saa 5. Nusu saa kila usiku, siku 10 umekimaliza. Ukitaka kukadiria urefu bila kukifungua, tazama uzito wa faili. Riwaya tupu ya EPUB (faili ya kitabu ambacho herufi zake hukua na kupungua) mara nyingi haifiki MB 1, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha ya jalada. Ukiona MB 20, ujue ndani kuna picha nyingi, au kitabu kizima ni picha.

Kama bado vinakuvuta vitatu, tumia vionjo. Duka la Kindle hutoa sehemu ya mwanzo ya kitabu bure, kwa kawaida kama asilimia 10. Pakua vionjo vitatu, visome vyote kwa siku moja au mbili. Kile ambacho mwisho wa kionjo umekuudhi kwa kukukatia katikati, ndicho ununue. Ukibonyeza kununua kwa bahati mbaya, Amazon inakubali kurudisha ndani ya siku 7, mradi hujakisoma sehemu kubwa.

Kabla ya sura ya kwanza, gusa sehemu ya juu ya kioo, fungua menyu iliyoandikwa Aa, na uongeze au upunguze herufi mpaka mstari mmoja ubebe maneno 6 hadi 8 ya Kiswahili. Chini kulia au kushoto gusa ile namba mpaka ionyeshe dakika zilizobaki kumaliza sura. Hiyo ina maana kuliko asilimia. Washa hali ya ndege. Kisha usiguse tena mipangilio kwa kurasa 50. Mtu anayebadilisha fonti kila ukurasa hajasoma bado, anacheza na kifaa.

Niko Senior Six. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna PDF ya kitabu cha bayolojia, MB 86. Nimeiweka kwenye Kindle, herufi ni kama sisimizi na kila nikigeuza ukurasa inakwama. Nilitaka ndicho kiwe kitabu changu cha kwanza. – Mwanafunzi, Mbarara

Si macho yako, ni hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Kioo cha inchi 6 kina takriban milimita 91 kwa 122. Ukurasa mzima ukibanwa uingie humo hubaki na asilimia 41 ya ukubwa wake, na herufi ya pointi 12 inakuwa ya pointi 5. Ukikata pambizo nyeupe, maandishi yenyewe yana upana wa kama milimita 160, hivyo kioo kikiwa wima unapata herufi ya karibu pointi 7. Ukikilaza, herufi inafika pointi 9. Hapo panasomeka, ila kila ukurasa utaupitia kwa vipande viwili au vitatu, na mchoro wa moyo utakatwa katikati ya vali.

Kukwama ni jambo lingine. Fungua faili hiyo kwenye simu, kisha bonyeza neno moja kwa muda. Likikolezwa rangi, ni PDF ya maandishi. Lisipokolezwa, kila ukurasa ni picha iliyopigwa, na Kindle inalazimika kuifungua picha nzima kila unapogeuza. Chipu iliyomo ndani ni dhaifu sana ukilinganisha na ya simu yako.

PDF ya maandishi yenye safu moja unaweza kuituma kwa barua pepe kwenye anwani ya Kindle yako, sehemu ya kichwa cha habari ukaandika neno *convert*. Itageuzwa iwe kitabu cha kawaida ambacho herufi zake zinakua na kupungua. Usitegemee usafi: namba za kurasa na vichwa vya juu vitaangukia katikati ya sentensi, majedwali yatasambaratika, na fomula ya usanisinuru itakuja kama namba za simu. PDF ya picha haigeuki, usipoteze bando lako. Bayolojia iache kwenye simu au uichape.

Pia, kitabu cha kiada kikizungushwa kwenye makundi bila ruhusa ya mchapishaji, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006. Tumelisema mara moja, tunaendelea.

Kwa mtahiniwa wa UACE, yaani mtihani wa mwisho wa Senior Six, kitabu cha kwanza kizuri ni riwaya au tamthilia iliyo kwenye orodha yako ya fasihi, ikiwa inauzwa kama EPUB au kwenye duka la Kindle. Tahadhari moja: matoleo mengi ya aina hii hayana namba za kurasa za karatasi. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 64", wewe utakuwa unatazama tu. Mwombe akusomee maneno mawili au matatu ya mwanzo wa aya, uyaandike kwenye sehemu ya kutafuta. Utafika kabla ya wenzako.

Njia nyingine ni maelezo yako mwenyewe. Yachape kwenye Word, kila mada uipe mtindo wa Heading 1, uitume faili ya DOCX jinsi ilivyo. Kindle inaipokea, na unapata kitabu cha marudio chenye herufi za kawaida. Watu wachache wanalijua hili, na kwa mwanafunzi ndilo lenye faida kubwa.

Nimenunua Kindle iliyotumika. Nimeiunganisha na kompyuta, nikanakili EPUB kwenye folda ya documents. Kitabu hakionekani kabisa. Kwenye kompyuta ya kazini hata Kindle yenyewe haionekani, inachaji tu. – Msomaji, Busia

Hapo kuna matatizo mawili. La pili ndilo jepesi: waya. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa barabarani ndani yake zina nyuzi za umeme tu, hazina nyuzi za kupitisha data. Jaribu waya huo kwa simu: kama simu nayo inachaji bila kuonyesha mafaili, badilisha waya.

La kwanza: Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Inaipokea tu ikipitia huduma ya Amazon ya Send to Kindle, ambayo ilianza kukubali EPUB mwaka 2022 na huigeuza njiani. Kupitia tovuti, faili isizidi MB 200. Kwa barua pepe isizidi MB 50, na anwani unayotumia iwe kwanza kwenye orodha ya waliokubaliwa ndani ya akaunti yako. Watu wengi husahau hatua hiyo, kitabu kikapotelea hewani. Kama huna intaneti ya kutosha, weka Calibre kwenye kompyuta. Ni programu ya bure; ongeza kitabu, bonyeza *Convert books*, chagua AZW3, ambayo ni aina ya faili ya Kindle, kisha ukitume kwa waya. Wenye Kobo hawahitaji haya yote: EPUB inanakiliwa kama kwenye flashi, na kazi imeisha. Lakini kwa wote wawili, toa kifaa kwenye kompyuta kwa kubonyeza *Eject* kabla ya kuchomoa. Ukichomoa ghafla, jalada linaonekana lakini kitabu hakifunguki, kwa sababu nusu yake ilibaki njiani.

Faili ya EPUB ikifika kwenye simu ikiwa na mwisho wa .zip, usiifungue, badilisha jina tu, uandike .epub. EPUB yenyewe ni kifurushi cha zip, ndiyo maana vivinjari vingine hukosea. Na ukinunua EPUB popote, uliza kwanza kama ina kufuli, yaani kizuizi cha kidijitali dhidi ya kunakiliwa. Kufuli la Adobe linafunguka kwenye Kobo. Send to Kindle italikataa.

Kwa kuwa umenunua iliyotumika: nenda kwenye mipangilio utazame imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni la mwingine, muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mkiwa pamoja. Kindle iliyoripotiwa kupotea haisajiliki, na bila usajili Send to Kindle haifanyi kazi. Ukitumia intaneti ya simu na Kindle ya zamani isiione, badilisha hotspoti kutoka GHz 5 iwe GHz 2.4.

Nafundisha Kiswahili. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, wenzangu shuleni wananiomba niwaelekeze vitabu. Nataka kitabu changu cha kwanza kwenye Kobo kiwe cha Kiswahili, lakini dukani humo sikuti kitu cha maana. Nilichokipata kina mistari yenye mapengo, na kamusi haijui neno hata moja. – Mwalimu, Arua

Tuanze na ulichonacho, Mwalimu, kwa sababu huenda kitabu hakina kosa.

Mapengo yanatokana na urefu wa maneno yetu. Chukua *Wale wanafunzi waliokwishaandikishwa*. Neno la tatu lina herufi 21. Ukiwa umekuza maandishi mpaka mstari ukabeba herufi 30 hivi, neno hilo halienei baada ya "Wale wanafunzi", linashuka mstari wa chini. Yanabaki maneno mawili, na kwa kuwa kifaa kimeamriwa kulinganisha kingo zote mbili, kinayavuta: "Wale" linaegemea ukingo huu, "wanafunzi" ukingo ule. Kwenye kitabu cha karatasi mpangaji angelikata neno kwa kistari. Kifaa hakina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, na kitabu kikiwa kimeandikwa ndani kuwa ni cha Kiingereza, hukata kwa kanuni za Kiingereza na unapata "wanaf-unzi". Dawa: kwenye mipangilio ya maandishi, sehemu ya *Justification*, weka kingo ya kushoto tu. Halafu punguza herufi hatua moja. Kama ukataji wa ajabu unaendelea, fungua kitabu kwenye Calibre, *Edit metadata*, sehemu ya *Languages* andika Swahili, kisha ukitume upya.

Kamusi ni hadithi nyingine. Kifaa kinalinganisha neno ulilobonyeza na orodha ya vidahizo. Kiingereza kinaweza kuvumilia hilo kwa sababu maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, na kidogo. Sisi tunabadilisha mwanzo. Ukibonyeza *walimletea*, kamusi ya Kiswahili ina *leta*, haina *walimletea*, na kifaa hakijui kung'oa *wa-li-m-*. Hata ukiweka faili ya kamusi ya Kiswahili, utapata nomino na vivumishi vichache, vitenzi vingi vitakuruka. Kwa hiyo usiitegemee. Buruta kidole kwenye neno ulikoleze, endelea na hadithi, na mwisho wa sura ufungue orodha ya ulivyokoleza ukiwa na kamusi ya karatasi mkononi. Wenye Kindle wana urahisi zaidi: kila unachokoleza hujiandika kwenye faili iitwayo My Clippings.txt, unaweza kuichapa na kuwapa wanafunzi kama orodha ya msamiati.

Vitabu vyenyewe. Duka la Kobo na la Kindle yote mawili yana Kiswahili kidogo, na baadhi ya vinavyojiita vya Kiswahili ni vijitabu vilivyotafsiriwa na mashine. Soma kionjo kabla ya kulipa. Aya ya pili tu utajua. Baadhi ya maduka ya mtandaoni ya Kenya na Tanzania huuza vitabu vinavyosomwa ndani ya programu yao ya simu peke yake, haviwezi kuhamia kwenye Kobo. Andikia mchapishaji moja kwa moja, umuulize swali moja: "Mnaniuzia EPUB isiyo na kufuli?" Wengine hukubali, hasa ukinunua kwa ajili ya shule.

Kuna pia vitabu vya zamani vilivyopigwa picha, vinavyopatikana Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. EPUB yake hutengenezwa na mashine, na mashine hiyo huona "rn" ikaandika "m", huipoteza ritifaa ya *ng'ombe* ikabaki "ng ombe", na namba za kurasa huzichanganya na maneno. Usianze nayo, itakuchosha. Lakini hapa, tofauti na yule mwanafunzi wa Mbarara, PDF inaweza kukuokoa. Vitabu hivyo vingi vilikuwa vidogo. Ukurasa ambao maandishi yake yana upana wa milimita 100, ukikatwa pambizo, kwenye kioo cha milimita 91 unabaki na asilimia 91 ya ukubwa wake wa asili. Unasomeka bila taabu yoyote.

Ushauri wetu kwako hasa, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa lugha: anza na utenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani 8, kwa hiyo hata ukikuza herufi mstari hauvunjiki. Shairi la tarbia lina mizani 16 kwa mstari, 8 na 8, na kwenye kioo cha inchi 6 kipande cha pili kinaangukia chini. Vina vya kati na vya mwisho vinapoteza mahali pake, ubeti wa mistari minne unaonekana una minane. Tarbia ilaze kioo. Utenzi usome wima, ubeti mmoja kwa pumzi moja. Hakikisha tu aliyetengeneza faili hakuunganisha mistari kama nathari.

Assalaam alaykum. Nataka msahafu uwe wa kwanza kwenye Kindle yangu ya inchi 6. EPUB niliyopakua imevuruga irabu za Kiarabu, nyingine zimepandana. – Msomaji, Bombo

Wa alaykumu salaam. Kwako wewe ushauri wa PDF unageuka. EPUB hutegemea fonti iliyomo kwenye kifaa, na fonti hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya alama zote za msahafu. Fat-ha na shadda zikikutana juu ya herufi moja, zinagongana. PDF ya msahafu wa Madina haiwezi kuharibika hivyo kwa sababu ukurasa umefungwa kama ulivyo: kurasa 604, mistari 15 karibu kila ukurasa. Aliyehifadhi hukumbuka aya ilikuwa sehemu gani ya ukurasa, na EPUB inayotiririka humnyang'anya kumbukumbu hiyo.

Chagua PDF iliyotengenezwa kwa maandishi, siyo picha: ikuze kwenye simu mara kadhaa, na kama kingo za herufi zinabaki kali, ndiyo hiyo. Kwenye kifaa, kata ile fremu ya mapambo pembeni, utapata upana wa ziada. Kuruka juzuu kwa juzuu, kumbuka kwamba katika chapa hiyo kila juzuu ina karibu kurasa 20: ya 2 huanza ukurasa wa 22, ya 3 wa 42, ya 30 wa 582. Faili ikiwa na jalada na kurasa za utangulizi, jumlisha idadi hiyo. Inchi 6 itakutosha kwa murajaa, yaani kurudia ulichohifadhi. Kwa kusoma saa nzima, inchi 7 au 8 ni bora.

Tafsiri ya Kiswahili peke yake haina shida, ichukue kwa EPUB.

Watoto wangu wako P.2 na P.5. Nianze kuwawekea vitabu gani vya picha kwenye Kobo? – Mama, Mbale

Mama, wa P.2 usimwekee kitu humo. Kioo cha kawaida cha wino wa kielektroniki kinaonyesha vivuli 16 vya kijivu. Simba na nyasi vinakuwa kitu kimoja, na ukurasa unageuka polepole kwa mtoto anayependa kugusagusa. Hadithi za bure za African Storybook na StoryWeaver, ambazo zina Kiswahili na lugha nyingine za Uganda, mwonyeshe kwenye simu au tableti. Wa P.5 mpe kitabu cha sura fupi chenye michoro michache ya mistari, herufi kubwa, na umwekee hicho kimoja tu. Nunua na kava gumu: ndani ya kioo kuna kigae chembamba cha glasi, na mkoba wa shule ukikaliwa kinapasuka hata kama nje hakuna mkwaruzo. Dalili yake ni mistari isiyofutika kwenye kioo, na haitengenezeki kwa bei ya maana.

Macho yangu yamechoka, na huku kwetu natumia sola. Mwanangu ameninunulia Kindle wakaniambia betri ni wiki sita. Nataka kuanza na Biblia. Je, ni sawa? – Mzee, Fort Portal

Mzee wetu, hizo wiki sita zimehesabiwa kwa kusoma nusu saa kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa na taa ikiwa ya wastani. Nusu saa mara siku 42 ni saa 21. Ukisoma saa tatu kila siku, ni wiki moja. Sola yenye tundu la USB la volti 5 inatosha kuichaji. Mchana, nje au dirishani, zima taa kabisa; wino huu husomeka vizuri juani kuliko ndani.

Herufi zikiwa kubwa sana, mstari hubeba maneno matatu tu na unageuza ukurasa kila baada ya sekunde chache. Jaribu kwanza kuzinenepesha kabla ya kuzikuza. Kwenye menyu ya Aa kuna kipimo cha wino mzito. Watu wengi wenye macho yaliyochoka wanahitaji weusi, siyo ukubwa.

Kuhusu Biblia: kwa kawaida tungesema isiwe ya kwanza, kwa sababu huisomi moja kwa moja bali unaruka huku na huku, na kuruka ndilo jambo gumu kwa anayeanza. Lakini kama ndiyo unayoisoma kila siku, basi ndiyo. Ila ichague kwa jaribio hili kabla mwanao hajaondoka: fungueni orodha ya yaliyomo. Mnapaswa kuona vitabu 66 (au 73 kwa toleo la Kikatoliki), na ukigusa Zaburi zije namba za sura 1 hadi 150. Mguse 121, mtazame kama inafunguka hapohapo. Faili ikiwaonyesha kwenye orodha neno moja tu, *Start*, ifuteni mtafute nyingine.